Mrejesho: oili iliyokuwa ikivuja kwenye pampu ya pawa stelingi

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kuhusu hozi ya presha ya pawa stelingi (mfumo wa oili unaolainisha usukani wa gari) iliyokuwa ikivuja pale inapofungwa kwenye pampu. Nikikaza nati inatulia, kisha inaanza tena.

Imepona. Mliosema nikague oringi (kipete cha mpira kwenye kiungo) kabla ya kununua hozi mpya mlikuwa sahihi kabisa. Oringi ilikuwa imekauka ngumu kama plastiki, imebonyea upande mmoja, na nilipoikunja ufa ukaonekana. Kwenye kiungo cha aina hii kinachozuia oili ni oringi, si nyuzi za nati, kwa hiyo kukaza zaidi kusingesaidia. Utepe wa mabomba nao haufai, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mfumo.

Nilisafisha kikalio, yaani pale oringi inapokaa, nikaipaka oringi mpya oili ileile ya stelingi, nikaanza kufunga kwa mkono ndipo nikamalizia kwa spana, huku nimeishika hozi isijisokote.

Kazi kubwa ilikuwa kutoa hewa iliyoingia kwenye mfumo. Magurudumu ya mbele yako juu ya stendi, injini imezimwa, unazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho na kuongeza oili mpaka mapovu yaishe. Sasa pampu hailii tena.

Kukagua kama bado inavuja nilitumia kipande cha boksi. Tafadhali msipapase kwa mkono injini ikiwa inaunguruma: oili ya presha hupenya ngozi, na hapo ni kukimbilia hospitali hata kidonda kikiwa kidogo.

Asanteni sana, hasa aliyesisitiza oringi inayostahimili oili, maana kulingana ukubwa pekee hakutoshi.