Kamera ikikutafutia jicho la ndege, picha ni yako au ya kamera?

Mtegeta: Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba nina mishubiri imetoa maua, kila asubuhi chozi wawili, vile vindege vinavyonyonya maua, wanagombana pale. Kamera yangu ni ya zamani, ile yenye kioo ndani (DSLR), lenzi ya milimita 100-400. Nikipiga picha mia mbili, tano ndizo jicho limekaa sawa, nyingine zote fokasi imeng'ang'ania majani ya nyuma. Jamaa yangu ana kamera mpya, inaweka kiboksi kwenye jicho la ndege yenyewe, yeye anabonyeza na kuniringishia. Huyo naye tumwite mpiga picha? Na sisi tunaoweka fokasi wenyewe kwa kifungo cha nyuma ya kamera, tuendelee au tumeshapitwa?

FilamuMoja: Huyo ni mbonyezaji. Sisi tulikuwa na picha 36 tu kwenye mkanda. Unatazama kijiti anachorudia ndege, unafunga fokasi hapo kwa mkono, unasubiri atue. Leo mtu anapiga 20 kwa sekunde, halafu anapepeta kama mchele.

JichoKali: Mzee, na gari lako bado unaliwasha kwa hendeli? Lenzi milimita 400, tundu lake f/5.6, ndege yuko mita nne: sehemu inayotoka kali haizidi sentimita tatu hivi. Chozi akigeuza shingo tu, mdomo mkali, jicho ukungu. Kamera za kutafuta jicho kama Canon R5 ya 2020 na Sony A1 ya 2021 hazikutengenezwa kwa ajili ya wavivu. Na hata hizo, ndege akijificha nyuma ya vijiti zinapotea, unarudi kwenye pointi moja ya fokasi unayoiweka mwenyewe, kama kawaida.

FilamuMoja: Gari langu linakuhusu nini? Bei ya huo mwili wa kamera na lenzi yake mtu anajenga banda la kuku. Ndiyo maana mnazitetea hivyo.

Mama_Maua: Mimi napiga kwa simu tu na napata. Hawa hamingibadi wa kwangu Lushoto wameshanizoea, wananisogelea kabisa.

Mnana: Shikamoo mama. Ila hao si hamingibadi. Hamingibadi wapo mabara ya Amerika peke yake, Afrika hakuna. Hao ni chozi. Na ndiyo raha yake kwa picha: chozi mara nyingi anatua kwenye shina la ua ndipo anyonye, haelei muda mrefu. Funga fokasi kwenye shina, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde au zaidi, umempata.

Mama_Maua: Marahaba. Mwanangu, nimekaa milimani miaka thelathini, nimewaona kwa macho yangu WANAELEA. Jioni, juu ya maua, mbawa hazionekani.

Mnana: Jioni? Basi huyo ni nondo, mama. Wapo wakubwa, wana mrija mrefu, wananyonya huku wanaelea.

Mama_Maua: Sasa nimekuwa mtu wa kutotofautisha ndege na nondo. Asante.

FilamuMoja: Vijana wa siku hizi hawana adabu. Mama kasema kaona, kaona.

JichoKali: Adabu ya nini, hamingibadi avuke bahari ya Atlantiki kwa heshima ya nani?

Kichuguu: Nimecheka mpaka chai imemwagika. Mama, weka picha tuone.

Mama_Maua: Simwekei mtu picha hapa.

Mnana: Mama nisamehe, sikukusudia. Mtoa mada, tukiwa bado tunaelewana: pembeni ya lenzi yako kuna swichi ya umbali. Imekaa wapi?

Mtegeta: Imeandikwa 3m halafu alama kama nane iliyolala.

Mnana: Na mishubiri iko umbali gani kutoka unapokaa?

Mtegeta: Mita mbili na nusu hivi. Nakaa mlango wa jikoni.

Mnana: Sasa umeizuia mwenyewe isilenge chochote kilicho ndani ya mita tatu. Itafanya nini zaidi ya kushika majani? Zile picha tano zilizokaa sawa, ndege alitua wapi?

Mtegeta: Kwenye mpera, kule ukutani. Aisee.

Kichuguu: Miezi yote jamaa wa watu anaitwa mbonyezaji.

FilamuMoja: Aliyemwita mbonyezaji ni mimi, na bado ni mbonyezaji.

JichoKali: La hendeli hujajibu, mzee.