UZI: Shemeji ni Mganda, aombe uraia kwa ndoa au kwa miaka aliyokaa Kenya?

Nyalenda_B: Hamjambo wadau. Shemeji yetu ni mtu wa Tororo. Amekaa Kisumu tangu 2016 kwa kibali cha kazi, na ndoa yake na dada yetu, iliyofungwa kwa msajili, iko mwaka wa sita. Mwaka wa 2021 kibali kiliisha, ikapita miezi minne kabla hajapata kingine. Majuzi alikuwa kwao miezi mitatu akimuuguza mzazi. Aanzie wapi? Watoto nao?

Mlolongo: Watoto waondoe kwenye hesabu. Mama ni Mkenya, basi ni raia wa kuzaliwa.

Kwa njia ya ukaaji, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inadai miaka 7 mfululizo ya kukaa kihalali, na miezi 12 ya mwisho kabla ya ombi uwe nchini muda wote, chini ya kibali halali. Ile miezi minne ndiyo itamuumiza, maana afisa husoma tarehe za kibali moja baada ya nyingine na pengo linaonekana wazi. Itabidi ahesabu upya tangu kibali kipya, na akiomba sasa, hiyo miezi mitatu ya Tororo nayo inagusa miezi 12 ya mwisho. Kuna pia sharti la kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji, na la mchango wake kwa maendeleo ya nchi.

WakiliwaMtaa: Mimi ningemshauri asubiri ndoa itimize miaka 7. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kusajiliwa, wala njia hiyo haidai ukaaji mfululizo. Wanachoangalia ni kwamba ndoa inatambulika kisheria, haikufungwa kwa ajili ya karatasi, na wawili hao wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Asiwe amewahi kufukuzwa nchini wala kufungwa miaka 3 au zaidi. Kwa sasa aombe ukaazi wa kudumu, ambao mwenzi wa Mkenya hustahili baada ya miaka 3 ya ndoa.

Nyalenda_B: Asanteni sana. Kuna jamaa hapa anasema atamtolea kitambulisho wiki hii.

Mlolongo: Tafadhali, mkomesheni kabisa! Kitambulisho hakimfanyi mtu raia. Hata uraia wenyewe ukipatikana kwa udanganyifu hufutwa, na ombi lake halali linaharibika palepale.

WakiliwaMtaa: Tena alinganishe majina leo leo: pasipoti, cheti cha ndoa, kadi ya mgeni. Jina la baba likiandikwa kwenye hati moja na kukosekana kwenye nyingine, faili husimama hadi alete hati ya kiapo. Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo si lazima auache wa kwao. Angekuwa Mtanzania, ningemwambia afikirie mara mbili.