Tupeane uzoefu: tundu la chaji kulegea na waya kukatikia shingoni

Mwanzisha mada, Area C

Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa jirani, habari za kazi. Nimefungua mada hii kwa sababu katika nyumba nyingi ninazoingia nakuta simu imeegemezwa kwenye kikombe au imekandamizwa kwa kitabu ili chaji ikamate, na mwenye simu akiulizwa hujibu kwamba waya ni feki. Pengine ni kweli, ila mimi naona lawama nyingi tunazowatupia wauza waya zilistahili kwenda kwenye namna tunavyoviweka vifaa vyetu vinapochaji. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze kifaa chake kilivutwa au kilibanwa vipi, na alifanya nini kikasaidia. Ubishi wa chapa ipi ya simu ni bora tuuache kwa siku nyingine.

Kwangu tatizo lilikuwa kitandani. Mtu anayelala chali akaisimamisha simu kifuani huku inachaji huufanya uzito wote wa simu ukalie kichwa cha waya, na kichwa hicho, kwa kuwa kimenyooka na kuchomoza, kinageuka wenzo wa kulipanua tundu kila simu inapoinamishwa. Tulihamia kwenye waya wenye kichwa kilichopinda kwa pembe mraba, ambao hulala sambamba na ukingo wa simu, tena mrefu kiasi cha kutovutika mtu anapojigeuza. Simu ya kijana wangu, ambaye hawezi kucheza gemu bila kulala, imetulia.

Fundi simu, karibu na Soko la Majengo

Mkuu umegusa penyewe. Simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu kubadilishwa sistimu chaji, yaani tundu la chaji, hazikuchoshwa na kuchomeka na kuchomoa. Viwango vya USB vinataka tundu la Micro-USB, lile dogo la simu za zamani, na vilevile lile la Type-C la simu za siku hizi, lihimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Anayechaji mara tatu kwa siku angehitaji zaidi ya miaka 9 kufika huko, na ni wachache wanaokaa na simu moja muda wote huo. Kinacholiua tundu ni nguvu ya pembeni. Tundu limeshikwa kwenye bodi kwa miguu midogo iliyolehemiwa, na simu ikianguka huku imechomekwa, ikatangulia kufika chini kwa upande wa waya, kile kichwa huigeuza nguvu ya mwanguko wote kuwa ya kung'oa. Ninapoiweka bodi chini ya lenzi naona ufa mwembamba umeuzunguka mguu mmoja au miwili, lehemu imeachana na bodi. Ukilisukuma tundu kwa ncha ya koleo mguso unarudi, ukiliachia unapotea. Hapo ndipo kikombe na kitabu vinapopata sifa visizostahili kupewa, kwa kuwa vinaurudisha mguso kwa kulikandamiza tundu, na kukandamiza huko kunaupanua ufa usiku kucha.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba waya ndio uliopangiwa kufa kwanza. Micro-USB ilipotoka mwaka 2007, springi zinazochakaa ziliwekwa kwenye kichwa cha waya badala ya kuwekwa ndani ya simu, na Type-C ya mwaka 2014 imefuata njia hiyohiyo: springi za mguso zimo kwenye waya, na ndani ya simu mna ulimi mwembamba tu. Kwa hiyo mteja akija kunilalamikia kwamba waya umelegea lakini simu ni nzima, mimi humwambia kwamba mambo yamekwenda yalivyotakiwa. Waya unapatikana kila duka. Tundu linataka moto wa mashine ya hewa na fundi mwenye mkono uliotulia. Ndiyo maana siupendi ule waya mgumu wenye kichwa kirefu cha chuma, unaosifiwa kwamba haukatiki. Ukivutwa, kweli haukatiki wenyewe, bali unaondoka na tundu.

Tena msisahau vumbi la kwetu. Kiangazi upepo unapoanza, mifuko ya suruali hujaa vumbi laini linalochanganyika na nyuzi za nguo, na kila unapochomeka waya unalishindilia ndani ya tundu. Baada ya muda kichwa hakifiki mwisho, kinabaki kimening'inia nje kidogo, na kichwa ambacho hakijaingia chote kina nafasi kubwa zaidi ya kuyumba. Watu hudhani tundu limelegea, kumbe limejaa. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, kichonge kiwe bapa, kisha ukwangue taratibu kwenye sakafu ya tundu bila kuugusa ulimi. Sindano na pini ziacheni kwa washonaji.

Mwenye kibanda cha kuchajia simu, Bahi

Shikamoo fundi. Mimi nachaji simu za watu kwa sola, na siku ya mnada simu huwa nyingi kuliko nafasi ya meza. Desturi ya vibanda vingi ni kuziacha simu zining'inie kwa waya zake kutoka kwenye ekstensheni ya ukutani, na kwa maelezo yako naona hiyo ndiyo njia ya haraka kabisa ya kumharibia mteja simu. Kwangu nilipigilia ubao mwembamba chini ya ekstensheni uwe rafu, kisha kwenye ukingo wa rafu nikafunga vibanio vya nguo vya mti, kimoja kwa kila waya. Waya hupita ndani ya kibanio kabla ya kufika kwenye simu, na kipande kinachobaki mbele ya kibanio nakiacha kimelegea. Mtu akijikwaa kwenye waya, au mtoto akiuvuta, anayevutwa ni kibanio. Simu haisikii chochote. Vibanio hivyo pia vimenipunguzia maneno, kwa kuwa nimeviandika namba na kila mteja anajua simu yake iko wapi.

Bodaboda, Nkuhungu

Mimi naweka simu kwenye usukani kwa ajili ya ramani na oda, nayo inachaji kutoka kwenye betri ya pikipiki. Awali waya niliufunga kwenye bomba la usukani, na barabara za mitaani mnazijua zilivyo: simu inatikisika kivyake ndani ya kishikizi, waya unatikisika kivyake, na tundu lipo katikati ya ugomvi wao. Mwenzangu mmoja kijiweni akanishauri niufunge waya kwenye kishikizi chenyewe, sentimita chache kutoka kwenye simu, na kuacha kitanzi kidogo kati ya hapo na tundu. Sasa simu na waya vinacheza pamoja. Kichwa kilichopinda alichokitaja mwanzisha mada kinasaidia pia, ila chagua kinachopinda kuelekea nyuma ya kishikizi ili goti lisikigonge unapokata kona.

Mwalimu wa sekondari, Kongwa

Kwetu kilio ni waya wa HDMI wa projekta. Ule wa zamani wa VGA ulikuwa na skrubu mbili za kuukaza kwenye kompyuta, lakini HDMI ya kawaida hushikwa na msuguano tu, na waya wake ni mrefu na mzito. Kompyuta mpakato ikiwekwa ukingoni mwa meza, uzito wote wa waya unaoshuka sakafuni unaning'inia kwenye tundu, na kila mwalimu anayeingia kipindini anauchomoa kwa kuuvuta kutoka upande aliosimama. Tulichofanya ni kununua kipande kifupi cha kuunganishia, chenye tundu upande mmoja na kichwa upande wa pili. Kichwa kinakaa kwenye kompyuta ya shule muda wote, na walimu wanachomeka na kuchomoa kwenye kile kipande. Kikichakaa, kinatupwa. Waya mkubwa tumeufunga kwenye mguu wa meza kwa kamba ya viatu.

Mchangiaji, Mtumba

Naomba kuuliza kuhusu vile vichwa vya sumaku, ambavyo kipande kidogo hubaki ndani ya simu na waya hunasa kwa nje. Kwa nadharia ndivyo suluhisho, kwa sababu waya ukivutwa unaachia tu. Apple waliweka sumaku kwenye chaji za kompyuta zao tangu mwaka 2006 kwa lengo hilohilo.

Fundi simu, karibu na Soko la Majengo

Wazo ni zuri, na kwenye kompyuta iliyobuniwa hivyo kiwandani halina shida. Vile vidogo vinavyouzwa mitaani nina wasiwasi navyo kwa mazingira yetu: miguso yake iko nje, na sumaku hukusanya chembechembe za chuma zilizomo kwenye mchanga. Nimewahi kuletewa kimoja kikiwa na ndevu nyeusi kuizunguka miguso yote. Atakayekitumia ajue kukifuta kila siku, la sivyo atakuwa ameondoa tatizo la kuvutwa na kuleta la shoti.

Fundi mitambo wa kwaya, Kikuyu

Wengi mmeongelea tundu. Mimi niongeze shingo ya waya, pale mpira wa kichwa unapokomea. Ndani ya waya mna nyuzi nyembamba za shaba, na zinapokunjwa mahali palepale kila siku hukatika moja baada ya nyingine huku ganda la nje likionekana zima. Chache zinazobaki hubeba umeme wote, ndiyo maana chaji inakuwa ya kusuasua na shingo inapata joto. Watu wengi huzungushia solotepu. Solotepu iliyokazwa sana inahamisha tu mkunjo kutoka pale mpira unapokomea hadi pale solotepu inapokomea, na waya utakatika hapo. Kinachotakiwa ni ugumu unaopungua kidogokidogo. Mimi hutumia mipira inayosinyaa kwa moto, tabaka mbili: la ndani refu, la juu fupi likianzia kwenye kichwa chenyewe, ili waya upinde kwa duara pana. Asiye na mipira hiyo atumie springi ya kalamu, afanye koili ziachane kadiri inavyokwenda mbali na kichwa.

Kuhusu kuvutwa, wapiga gitaa wana desturi nzuri: waya unapitishwa kwanza nyuma ya mkanda wa gitaa, ndipo unaingia kwenye tundu. Mpigaji akikanyaga waya, mkanda ndio unaoumia. Na wakati wa kukunja, tafadhali msiuzungushie waya kwenye kiwiko wala kuukaza kwenye kichwa cha chaji. Ukunjeni kwa duara lake la asili, na sentimita kadhaa za mwanzo ziachwe huru.

Mwanachuo, UDOM

Kompyuta yangu ina lile tundu la duara, na linacheza. Je, ni lazima bodi nzima ichomolewe? Na nitajuaje kama mbovu ni tundu au ni waya?

Fundi simu, karibu na Soko la Majengo

Kompyuta nyingi za tundu la duara huwa tundu lake limefungwa kwenye waya mfupi wenye plagi, nao hubadilishwa bila kugusa lehemu. Fundi akifungua kifuniko cha chini ataona mara moja. Zile zinazochaji kwa Type-C kwa kawaida tundu limelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo hizo ndizo za kulindwa zaidi. Kuhusu kujua, shika kichwa cha waya kwa vidole viwili kisicheze kabisa, kisha upinde waya taratibu kuanzia shingoni. Chaji ikikata hapo, ubovu uko kwenye waya. Ikiendelea, achia waya, sasa kitikise kichwa chenyewe kidogo tu. Ikikata, jaribu waya mwingine ulio mzima kabla hujalihukumu tundu, kwa sababu springi zilizochoka za waya hutoa dalili ileile. Ikikata na huo pia, ndipo uilete.