Yasmini, Zaituni au Hadasa: lipi limfae binti?

MamaMtarajiwa: Wapendwa, siku zinakaribia na ni wa kike. Mimi na mume wangu tumekubaliana jambo moja tu, jina litoke kwenye mmea. Yeye anataka Yasmini, mimi nang'ang'ania Zaituni, mama mkwe katuletea Hadasa. Waridi msinitajie, ukoo umejaa.

Nahodha: Yasmini, sina mjadala. Asili yake Kiajemi, likapitia Kiarabu, leo limeenea kote: Yasmin, Jasmine, Asumini. Popote atakapokwenda litatamkika. Ua lenyewe dogo, jeupe, na harufu yake hukolea usiku.

BiZena: Huko kuenea ndiko kunakonitia shaka, Nahodha. Darasani watakuwepo wengine, aishie kuitwa Yasmini Mrefu. Mimi niko na Zaituni. Mzeituni huishi mamia ya miaka, na ukikatwa huchipua tena shinani. Halafu pande zote mbili za ukoo zitaridhika: Surat At-Tin inaanza kwa kiapo cha tini na zaituni, na njiwa wa Nuhu alirudi na jani bichi la mzeituni mdomoni. Kasoro ni kwamba watalifupisha. Je, utavumilia akiitwa Zai?

Mkimya: Hadasa msilidharau. Ndilo jina la Kiebrania la Malkia Esta (Esta 2:7), nalo ni la mhadasi, kichaka kisichopukutisha majani, chenye maua meupe. Ukilifikicha jani linanukia. Ila jiandae kulieleza kila ofisi mtakayoingia.

BabaPacha: Mbona Tamari mmelisahau? Maana yake mtende, mti wa kimo na wa matunda.

Mkimya: Kasome 2 Samweli 13 kwanza, ndugu yangu, uone Tamari wa humo alivyonajisiwa na kaka yake.

BabaPacha: Nimesoma. Nalitoa mezani.

BiZena: Mwanangu, maana ni nzuri zote, usiumize kichwa hapo. Simama mlangoni uite kwa sauti, kama unayemwita mtoto aache mchezo. Zaituni linavutika, sauti inapanda kwenye "tu". Hadasa linakatika upesi.

MamaMtarajiwa: Nimeita yote, hadi jirani kachungulia dirishani. Zaituni ndilo, Yasmini liwe la pili. Mama mkwe ataelezwa na mwanawe, mimi simo.

Nahodha: La pili nalo ni ushindi. Hongereni.