Ukoo wa Bibi Mwanaidi (Maryland na Virginia, Marekani)

Mjomba Salim: Asalaam aleikum jamaa. Heri ya Memorial Day! Jumatatu wote kwangu, mishkaki saa tisa alasiri. Bwawa la mtaani limeshafunguliwa, watoto waje na nguo za kuogelea.

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam. Mahamri na kachumbari juu yangu. Mkaa upo?

Mjomba Salim: Upo tele.

Zuwena: Shikamooni. Mjomba, naomba "heri" tuiache. Siku hii ni ya wanajeshi waliokufa vitani. Jirani yangu wa mlango wa pili alimzika mwanawe Arlington, yale makaburi ya wanajeshi. Mwaka jana nilimtakia heri, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Hadi leo inaniuma.

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Kwani yao si ile ya Novemba?

Zuwena: Ya Novemba ni ya wote waliotumikia jeshi, hata walio hai. Hii ilikuwa siku ya kupamba makaburi kwa maua, 30 Mei 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuwa Jumatatu ya mwisho ya Mei ni tangu 1971, ndiyo tukapata mapumziko ya siku tatu.

Idi: Shikamooni wakubwa. Leo nimewapeleka watoto hukohuko Arlington. Kila jiwe lina bendera ndogo mbele yake. Askari anagusisha ncha ya buti kwenye jiwe, bendera anaichomeka kisiginoni, ndiyo maana safu zimenyooka vile. Ila kilichonishika ni sehemu ya 27. Wamelala askari weusi wa vita vile, mawe yao yana herufi U.S.C.T., yaani United States Colored Troops, vikosi vya weusi, pamoja na watu zaidi ya 3,800 waliotoka utumwani. Mawe ya hao hayana cheo. Mengine yana jina na neno moja tu: Citizen. Raia. Mwanangu kaniuliza, "Baba, si walikuwa watumwa?" Nikamwambia ndiyo. Akachuchumaa, akalipapasa lile neno kwa kidole, herufi moja moja.

Shangazi Rukia: Subhanallah. Nimelia hapa jikoni. Mwaka mzima nasubiri barua ya kwenda kula kiapo cha uraia. Uzito wa neno hilo naujua.

Zuwena: Na saa tisa ndiyo dakika ya ukimya, nchi nzima.

Mjomba Salim: Basi mishkaki iende motoni saa tisa na robo. Tutasimama kwanza, na watoto watoke majini. Zuwena, mkaribishe jirani yako.

Zuwena: Nitamgongea kesho. Sidhani kama atakuja.

Shangazi Rukia: Asipokuja, mahamri yake nitayafunga kando, umpelekee yangali ya moto.