Tairi nne za RAV4 hapa Kigoma: H/T, A/T au za Kichina?

Baba_Wawili_Mwanga

Wakuu, habari za humu. Gari yangu ni RAV4 ya 2008, forwili, saizi 225/65R17. Niliinunua mwaka juzi ikiwa imeshuka kutoka Japani na tairi zake mguuni. Kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga chini) zilikuwa nene, nikajisifu kwamba hapo nimeokoa pesa.

Ijumaa iliyopita mvua imenyesha, nashuka kutoka Mwandiga kuja mjini. Bodaboda akakatiza mbele yangu, nikakanyaga breki. Gari ikaendelea na safari yake kama lami imemwagiwa mawese. Tulimkosa kwa upana wa kiganja. Mama watoto hakupiga kelele, aliuliza tu: "Hizi tairi ni za nini?" Kufika nyumbani nikainama na tochi ya simu. Ubavuni pameandikwa STUDLESS, na namba 4614.

Sasa nabadilisha zote. Matumizi yangu: shule na kazini kila siku (Mwanga, Gungu, mjini), Kasulu mara moja kwa mwezi kufuata maharage, Tabora mara mbili kwa mwaka, na ukweni Kalinzi. Ukweni kwenyewe ni kuiacha barabara kuu na kupanda kilomita 7 za udongo mwekundu. Nimetajiwa Bridgestone Dueler H/T (za lami zaidi), Yokohama Geolandar A/T G015 (za lami na rafu rodi), na za Kichina za aina mbili tatu. Kwa bei nilizopewa, pesa ya tatu za Kijapani inanunua tano za Kichina. Nichukue zipi? Naomba kuwasilisha.

FundiGungu

Kaka, shukuru Mungu umesoma huo ubavu. Studless ni tairi za theluji. Mpira wake umetengenezwa laini ili usikakamae kwenye baridi kali, na kila kashata imechanwa vikato vyembamba vingi, utadhani imepitishwa wembe. Kwenye barafu ya Hokkaido, kule Japani, ni dawa. Ukizileta kwenye lami ya Kigoma saa nane mchana, kashata zinanesa, zinaisha haraka, na kwenye maji breki inakuwa ndefu kama ulivyoona.

Hiyo 4614 ni wiki ya 46 ya mwaka 2014. Kwa hiyo zina ulaini wa theluji na uzee juu yake. Kashata nene isikudanganye, mpira unazeeka hata tairi ikiwa imeegeshwa. Angalia pia mashina ya kashata, utaona nyufa ndogondogo.

Na spea je? Ifunue ile ya mlango wa nyuma uisome. Wengi tunabadilisha nne halafu tunabaki na bibi kizee mgongoni.

Dereva_Uvinza

A/T. Sioni hata cha kujadili.

Nimekaa barabara hizi miaka kumi na moja. Tatizo la rafu rodi ya kwetu siyo kashata, ni mawe. Kokoto lenye makali likikuingia kwenye kashata unaziba pancha, unaendelea. Likikukata ubavu umekwisha, ubavu hauzibwi na fundi yeyote mwenye akili. H/T nyingi zina ubavu mwepesi. Nilipasua mbili msimu mmoja, ya pili saa moja usiku, nina abiria mgonjwa. Tangu hapo sijagusa H/T.

Mama_Kasulu

Habari zenu. Mimi nina X-Trail na nimevaa zote mbili, kwa hiyo nisikilizwe kidogo.

Kaka, hebu tuhesabu. Kwa mwezi unatembea kilomita ngapi kwa jumla? Na huko Kalinzi unapanda mara ngapi?

Baba_Wawili_Mwanga

Kwa mwezi kama 900, dada. Kalinzi mara mbili.

Mama_Kasulu

Basi ni 7 kwenda, 7 kurudi, mara mbili: kilomita 28. Katika 900. Unataka kununua tairi ya kilomita 28 halafu uivumilie kwenye zile 872 zilizobaki?

A/T niliyovaa ilinguruma kuanzia spidi 70, watoto nyuma wanapiga kelele kunisikia. Mafuta yalipanda, siyo sana, ila kila nikijaza tenki nilijua. Na A/T nzito kwenye lami yenye maji haishiki kama H/T nzuri, maana mpira unaogusa chini ni kidogo. Kilichokutisha wewe ni breki kwenye lami yenye maji. Hukukwama kwenye tope.

Baba_Wawili_Mwanga

Hesabu nimeikubali. Ila dada, hizo 28 ndizo za ukweni.

Dereva_Uvinza

😂😂 Hapo hesabu inabadilika.

Mnyamwezi_Cheyo

Salaam kutoka Tabora. Naona mnasema A/T itampandisha Kalinzi. Itampandisha kiangazi, na kiangazi hata H/T inapanda. Masika ule udongo mwekundu ni mfinyanzi: gurudumu likizunguka mara tatu, nafasi zote za kashata zinajaa, na ukitazama unaona duara laini jekundu kama chungu kabla hakijachomwa. Hapo A/T na H/T zimekuwa ndugu. Huku kwetu udongo mweusi wa mbuga ni hivyohivyo, unabeba mpaka matope ya kujaza matao. Tairi inayojisafisha kwenye udongo huo ni M/T, zile za matope, na M/T kwenye gari ya kupeleka watoto shule ni adhabu.

Kwa hiyo namuunga mkono Dereva kuhusu mawe, siyo kuhusu tope. Kama ni mawe, chukua A/T. Kama ni tope, usijidanganye.

Kwenye mchanga wetu wa huku, tairi yoyote punguza upepo kidogo ipanuke, ukitoka ujaze. Nimeona watu na A/T mpya wamezama mpaka kwenye eksozi kwa ubishi wa upepo 35.

Kijana_wa_Kibirizi

Mkuu, kwani lazima nne? Nunua mbili kali uweke mbele, nyuma malizia hizo.

FundiGungu

Hapana mdogo wangu, kwenye gari hii hapana. Kwanza, hizo za nyuma ndizo hatari yenyewe. Pili, hata kwenye gari ya kawaida ukinunua mbili, mpya zinakaa nyuma, maana nyuma ikiteleza gari inageuka na dereva hana la kufanya. Tatu, hii ni forwili. Tairi kipara ina mzunguko mdogo kuliko mpya, kwa hiyo mbele na nyuma zinazunguka kwa mwendo tofauti muda wote, na ile kaplingi inayopeleka nguvu nyuma inadhani gari inateleza. Inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Bei ya kaplingi uliza, halafu urudi utuambie kama tairi mbili ni ghali.

Mzee_wa_Katubuka

Vijana, msiwatukane Wachina wote kwa pamoja. Mimi nimeendesha tangu enzi za tairi za General Tyre ya Arusha, nikavaa za Kijapani, na sasa hivi nimevaa Linglong mwaka wa tatu kwenye Escudo yangu, sina malalamiko. Kuna Mchina mwenye kiwanda na jina lake, na kuna tairi ambayo hata jina lake ukilisoma unajiuliza limetoka wapi. Hiyo ya pili niliwahi kuivaa. Ilitoa kijipu ubavuni kabla ya miezi sita. Nilipomrudia muuzaji, alisema ni upepo wangu.

Kwa tairi yoyote, ya Kichina au ya Kijapani, soma vitu vitatu. Saizi. Kisha namba na herufi inayofuata, kwa saizi yako itakuwa kama 102H: 102 ni kwamba tairi moja inabeba kilo 850, H ni spidi ya mwisho 210, T ni 190. Hiyo spidi hutaifika, na usijaribu, ila usishuke chini ya namba ya mzigo iliyokuja na gari. Cha tatu ni tarehe. Mimi sichukui iliyozidi miaka miwili dukani, hata nikipunguziwa bei.

Kijana_wa_Kibirizi

Na kuhusu 235/65R17? Kuna jamaa anaziuza kwa bei nzuri na gari inanyanyuka.

FundiGungu

Inanyanyuka milimita 6 na nusu tu, usinunue viatu virefu. Piga hesabu: 225/65R17 ina kipenyo cha karibu milimita 724, 235/65R17 ni 737. Spidomita ikisoma 100 wewe uko karibu 102. Si tatizo kubwa, lakini ukikata usukani mpaka mwisho inaweza kusugua, na spea yako ya 225 haitafanana na nne za chini, tukarudi kwenye habari ya kaplingi. Abaki na 225.

Dereva_Uvinza

Ila wakuu nina jambo. Hiyo Geolandar G015 nimeiona dukani, ubavuni ina alama ya mlima na kipande cha theluji. Si ndiyo haohao studless?

FundiGungu

Swali zuri, limewachanganya wengi. Hiyo alama inasema tairi imefaulu jaribio la kushika kwenye theluji, na A/T kadhaa wanayo, G015 ikiwemo. Mpira wake ni wa A/T ya mwaka mzima. Cha kukimbia ni neno STUDLESS lenyewe, na vile vikato vya wembe. Bonyeza kashata kwa ukucha: studless inaingia kama kifutio cha shule.

Mama_Kasulu

Na upepo jamani. Watu wananunua tairi ya gharama halafu wanaambiwa "weka 40, rafu rodi". Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa Kijapani lakini tarakimu ni zetu sote. Changu kinasema 220 kPa, ambayo ni 32 kwa geji za mafundi wetu. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima baada ya safari ya Kasulu hewa imepanda kwa joto, utapunguza kumbe ilikuwa sawa.

Mzee_wa_Katubuka

Na alaimenti, kunyoosha magurudumu, kabla hajatoka na tairi mpya. Na bushi, zile raba za miguu ya gari. Tairi mpya juu ya bushi zilizochoka inaliwa upande mmoja, halafu tunamlaumu Mjapani.

Baba_Wawili_Mwanga

Wakuu, narudisha mrejesho, wiki tatu zimepita.

Nilikuwa nimeshaegemea A/T kwa ajili ya mawe. Nikapanda Kalinzi polepole, macho chini, na zile studless zangu, kukiwa kukavu. Kilomita 7 zote ni udongo, mawe ni sehemu mbili tu, kwenye kijito na pale penye kona ya mibuni, na zote napita kwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo hoja ya Dereva naiheshimu, ila ni ya njia yake. Nimechukua Dueler H/T, nne. Nimepitiliza bajeti, na mama watoto ameongezea kwenye pesa ya mchezo, deni ninalo mpaka mwezi wa nne.

Dukani palikuwa na sinema. Tairi ya kwanza, ya pili, ya tatu zote tarehe ni za mwaka huu. Ya nne naizungusha, sioni tarehe. Upande ule una herufi DOT na namba nusu, wiki na mwaka hakuna. Kijana ananiambia "hizi nyingine hawaandiki, mzee." Nikaigeuza tumboni: iko palepale, 0919. Kumbe tarehe kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu, na wao walikuwa wameupanga uelekee ukutani. Sikugombana. Nikawaambia naisubiri ya kufanana na wenzake, wakaagiza Mwanza, siku nne. Ningefungiwa bila kuangalia, hiyo tarehe ingekaa upande wa ndani na nisingeijua mpaka ipasuke.

Spea nayo niliifunua. 2307. Ina umri wa kumaliza shule. Nitainunua mwisho wa mwezi.

Lami yenye maji nimeijaribu, usiku, hakuna mtu: tofauti ni kama nimebadilisha gari. Kelele hakuna.

Jumamosi tukaenda ukweni, mvua imenyesha alfajiri. Nimefika mwanzo wa mlima, nimeutazama ule mng'ao mwekundu, nikamkumbuka Mnyamwezi na chungu chake. Nikaegesha pale shuleni, tukapanda kwa miguu na ndoo ya samaki aina ya migebuka kichwani. Mama mkwe katupokea kibarazani, kaangalia viatu vyangu, akasema: "Nilisikia mkwe amenunua tairi mpya."

Dereva_Uvinza

😂😂😂 Viatu umevaa H/T au A/T?