Nyumba ya Saumu, Kiembeni: gumzo la kundi la ukoo

Saumu: Assalaam aleikum nyote. Alhamdulillahi nimepata nyumba Kiembeni, hapa Mombasa, chumba na sebule, choo ndani. Kodi 9,000, dipoziti 9,000. Mwenyewe asema kila kitu kimo humo humo kwenye kodi. Yuko mtu mwingine aitaka, nataka nitume pesa kabla ya adhuhuri.

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam mwanangu. Mungu aitie baraka. Pesa usitume bado. Hicho "kila kitu" ni nini na nini?

Saumu: Maji, taka na mlinzi wa usiku. Stima alisema ni kawaida tu.

Ami Athmani: Kawaida ya nani? Kuna ya tokeni zako mwenyewe, yaani stima walipia kabla ya kutumia, kuna ya mita moja ploti nzima mwachanga, na kuna ya mwenye nyumba kulipa yeye. Uliza ni ipi.

Fatma: Na hayo maji uliza ni ya wapi. Mimi hapa Mikindani niliambiwa maji yamo kwenye kodi. Kweli yamo, lakini ni ya kisima, chumvi tupu. Nafulia, naogea, basi. Birika lashika ukoko mweupe. Ya kupikia na kunywa nanunua mitungi ya lita 20 kwa watu wa mkokoteni, na mifereji ya mji ikikauka nao wapandisha bei. Nikijumlisha mwisho wa mwezi, nalipia maji kama asiyeahidiwa kitu.

Saumu: Sikuuliza. Niliyaona tu yatoka vizuri mferejini.

Bakari: Uliza pia shimo la choo likijaa nani aita gari la kunyonya. Kwetu kila mlango ulichangishwa.

Ami Athmani: Nirudi kwenye stima, maana hapo ndipo watu waumizwa bila kujua. Mita ya pamoja si kugawana bili tu. Kenya Power wana madaraja ya bei kwa nyumba za kuishi: wastani wa yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi ni bei ya chini, kisha mpaka 100, na zaidi ya 100 ndiyo ghali. Sasa chukua ploti ya vyumba sita, kila kimoja kina feni, taa na tivii, kimetumia yuniti 25. Kila mtu angekuwa na mita yake, wote wangelipa bei ya chini. Kwa mita moja zafika 150, na wote sita wamo daraja la juu, na VAT ya 16% juu yake. Hakuna aliyeiba hapo wala aliyetumia kupita kiasi.

Kwa hivyo rudi ukaangalie. Omba namba ya mita, nunua tokeni ya 100 kwa paybill 888880. Ukiona imekatwa deni, ujue aliyetoka ameliacha na mlipaji ni wewe. Halafu zima swichi kuu ya ndani, uitazame taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, yuko mwingine atumia tokeni zako.

Saumu: Ahsante Ami. Natoka sasa hivi.

Saumu: Nimefika. Mita ni ya nyumba hii peke yake na deni hakuna. Lakini nimezima swichi kuu na taa bado yapepesa. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, asema ni pampu.

Ami Athmani: Pampu gani?

Saumu: Ya kisima. Yapandisha maji tenki la juu, milango yote minane yatumia. Na taa za ngazi zimo humo humo. Asema mpangaji aliyetoka alikuwa akipunguziwa kodi 500.

Fatma: Kwa hivyo maji ya ploti nzima yapandishwa kwa tokeni zako!

Shangazi Mwanaidi: Subhanallah. Hiyo 500 yatosha kweli?

Ami Athmani: Haitoshi. Pampu ndogo ya wati 750 ikizunguka saa mbili kwa siku ni yuniti moja na nusu. Mwezi mzima ni 45. Saumu akitumia 25 zake jumla ni 70, na lile daraja la chini ashalikosa. Hata hizo 25 zake atazilipia kwa bei ya juu zaidi.

Shangazi Mwanaidi: Basi aiache hiyo nyumba. Mtu asiyekwambia hilo mapema, ya mbele hujui.

Saumu: Shangazi, iko karibu na kazini na ni safi. Nataka nizungumze naye kwanza.

Bakari: Zungumza naye kwa upole, lakini kila mnalokubaliana liandikwe. Usitegemee ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na wewe wa 9,000 umo nje. Kinachokulinda ni karatasi mliyotia sahihi. Mtumie hivi:

"Kodi ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Ndani yake mna maji ya kisima, mlinzi, uzoaji taka na gari la kunyonya choo. Mpangaji atanunua tokeni za nyumba yake tu. Pampu na taa za ngazi zitahamishiwa mita ya mwenye nyumba kabla mpangaji hajaingia."

Ami Athmani: Ongeza: ihamishwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia mambo ya stima. Nyaya za pampu si za kuunganishwa na yeyote apitaye.

Saumu: Nimempigia. Pampu amekubali, alikuwa na mita nyingine ya duka lake hapo chini. Gari la choo amekubali. Taka amekataa, asema ni 200 mbali kila mwezi.

Shangazi Mwanaidi: 200 si neno, madhali umeijua leo. Nayo iandikwe.

Bakari: Lipa dipoziti akishatia sahihi, uchukue risiti. Kodi ya kwanza ingoje pampu itoke.

Ami Athmani: Fundi akimaliza nipigie, nije niipime hiyo mita mwenyewe kabla hujahamisha vyombo.